Usipande Kokwa ya Tende Uliyoipenda

Kila msimu naulizwa swali lile lile, na mara nyingi anayeuliza ameshachelewa. Alipata tende nzuri, nene, laini, tamu kama asali. Akala, akaziosha kokwa, akaziloweka siku mbili, akazipanda kwenye viriba, zikaota. Leo miche ile ina miaka sita. Imesimama shambani kwa mistari, imekunywa maji na kula samadi miaka yote hiyo, naye anataka kujua aweke mbolea gani ili izae, au kwa nini ile michache iliyozaa imetoa tende asizozitambua. Kumjibu mtu aliyebeba maji miaka sita ni kazi nzito. Hakuna mbolea ya kumsaidia. Kosa lilifanyika siku ile kokwa ilipoingia kwenye kiriba.

Basi leo naandika juu ya kosa hili peke yake. Habari za kusafisha shamba, kupalilia na kuozesha samadi tumeshaziongea sana, na wengi wenu mnazijua kuliko mimi. Hili la kokwa ndilo linaloendelea kula miaka yenu, na miaka hairudi.

Nichukue shamba moja nililoitwa kuliangalia. Mitende 60, yote ya kokwa za boksi moja la tende. Mwenye shamba alinipokea kwa furaha kwa sababu makarara, yale maganda yanayofunika maua, yalikuwa yameanza kutoka. "Mwaka huu tunavuna, mtaalamu," akaniambia. Tukapasua karara la mti wa kwanza kwa kisu. Ndani mlikuwa na vijiti vyembamba vilivyosongamana, vimejaa maua meupe yenye petali tatu, na tulipoyagusa yakaacha unga mweupe vidoleni. Dume. Mti wa pili, dume. Wa tatu ulikuwa na vijiti virefu vilivyoachana, vimepangwa vitu kama shanga ndogo za manjano; hilo ni jike. Tukaendelea mstari kwa mstari, na tulipomaliza miti iliyokwisha kuchanua, karibu nusu yake ilikuwa madume. Mwenye shamba alikuwa kimya tangu mti wa kumi.

Nilirudi tende zilipoiva. Tulichuma moja moja kutoka kila jike, tukazipasua na kuzipanga juu ya kuti. Moja ilikuwa nyekundu na ukakasi wake ulikaba koo. Nyingine kokwa ilikuwa imejaa tumbo zima, nyama nyembamba kama ukucha. Nyingine ilikauka ikawa ngumu kabla haijalainika. Mti mmoja tu ulikuwa na tende ya kuridhisha, nayo haikufanana na ile ya boksi kwa rangi wala kwa umbo.

Kokwa ni mtoto, si mama

Wengi hufanya kosa hili kwa mazoea ya mnazi. Mnazi hupandwa kwa nazi, na kilele kimoja cha mnazi kina maua ya kiume na ya kike, kwa hiyo kila mnazi huzaa. Mtende sivyo. Mtende una jike na dume, kila mmoja mti wake, na jinsia huamuliwa na vinasaba vinavyotoka kwa baba, kama ilivyo kwa binadamu. Kwa wastani nusu ya kokwa hutoa madume, na dume halizai tende hata ulibembeleze vipi. Wala usidanganywe na mtu anayedai kutambua dume kwa unene wa shina au ukali wa miba wakati mche ungali mdogo. Kwa macho hakuna njia ya uhakika mpaka karara lipasuke, na kwa mti wa kokwa hilo huchukua miaka minne hadi minane. Maabara zenye vifaa vya kupima vinasaba zinaweza kuijua jinsia kutokana na kipande cha jani, lakini hata kipimo hicho hakikuambii tende itakuwaje.

Hapo ndipo ilipo hasara ya pili, ambayo wengi hawaijui kabisa. Hata yale majike yaliyobaki hayatazaa tende ya mama yao. Mtende uliozaa tende yako una nakala mbili za kila kinasaba, na mara nyingi nakala hizo hazifanani. Kokwa hupokea nakala moja kwa mama, bila kuchagua, na moja kwa dume ambalo wewe mla tende hujawahi kuliona. Ndani ya boksi moja kunaweza kuwa na kokwa za madume kadhaa. Kila kokwa ni mchanganyiko mpya, mti ambao haujawahi kuwepo duniani, na hakuna aliyeupima wala kuuonja.

Tazama rangi ya tunda kabla halijalainika. Aina kama Barhi huwa ya manjano, Zaghloul huwa nyekundu. Watafiti wamekipata kinasaba kinachoongoza jambo hilo. Katika mitende mingi ya manjano, kipande cha vinasaba kimejipachika ndani ya kinasaba hicho na kuuzima wekundu. Kipande chenyewe wamekiita Ibn Majid, jina la yule baharia Mwarabu wa karne ya 15. Nakala moja yenye kipande hicho inatosha kulifanya tunda liwe la manjano. Maana yake mama wa manjano anaweza kuwa amebeba nakala ya wekundu iliyojificha, na baadhi ya watoto wake wakatoka wekundu. Hiyo ni rangi, jambo jepesi kuliko yote. Sasa ongeza utamu: Deglet Noor imejaa sukari ya aina ile ya miwa, wakati aina nyingi laini zina glukosi na fruktosi, na tofauti hiyo nayo iko kwenye vinasaba. Ongeza ukubwa wa tunda, unene wa nyama, muda wa kuiva, kustahimili unyevu, kustahimili ugonjwa. Kokwa moja ipokee yote hayo sawasawa na mama? Usiitegemee.

Na mtende hautoi nafasi ya kujirekebisha. Mwembe wa kokwa ukikuudhi, unaukata na kuubebesha kikonyo cha aina nzuri. Shina la mtende halina ule utando wa ndani unaounganisha vidonda vya miti miwili, kwa hiyo haubebesheki. Mtende mbaya utabaki mbaya mpaka siku utakayoung'oa.

Ukitaka kuona hasara kwa tarakimu, chukua hekta moja yenye nafasi ya mita 8 kwa 8. Inaingia miti 156. Ukipanda kokwa, tegemea madume 78 hivi. Shamba lote hilo linahitaji madume matatu hadi matano. Mingine zaidi ya 70 ni miti ya kung'oa baada ya kuimwagilia miaka sita, na bado hatujayagusa majike yenye tende mbovu.

Hata wataalamu wakubwa kokwa haiwapi chaguo. Mwaka 2005, katika utafiti ulioongozwa na Sarah Sallon, mtaalamu Elaine Solowey alipanda kokwa ya tende iliyochimbuliwa kwenye magofu ya Masada, ngome ya kale nchini Israeli, yenye umri wa miaka ipatayo 2,000. Ikaota, ikaitwa Methuselah. Ilichukua hadi mwaka 2011 mti uchanue, na ulipochanua ukawa dume. Baadaye zikaota kokwa nyingine sita za kale, taarifa yake ikatoka mwaka 2020: nne madume, mbili majike. Mmoja wa majike hayo, aliyepewa jina Hannah, ndiye aliyechavushwa na Methuselah akazaa. Wao walipanda kokwa kwa sababu mitende ile ya kale ilishatoweka na hapakuwa na mti hai wa kukata chipukizi. Wewe miti hai ipo.

Chipukizi ndilo lenye jina

Medjool, Barhi, Khalas, Zahidi: haya si majina ya koo, kwamba kila mtoto anazaliwa nalo. Zamani mahali fulani mtende mmoja ulizaa tende za ajabu, mtu akachukua machipukizi yaliyotoka kwenye shina lake akayapanda kwingine, na wengine wakachukua kwake. Chipukizi ni mti ule ule umehamishwa, vinasaba vile vile, jinsia ile ile, tende ile ile. Ndiyo maana likitoka kwa jike ni jike, bila kubahatisha.

Nguvu ya chipukizi inaonekana vizuri kwenye habari ya Medjool ya Marekani. Mwaka 1927 Walter Swingle wa Idara ya Kilimo ya Marekani alichukua machipukizi 11 huko Boudenib, Moroko. Yakapelekwa Nevada na kutengwa kwanza ili yasiingie na ugonjwa. Tisa yakapona, na hayo tisa ndiyo yaliyoanzisha mashamba ya Medjool ya California. Hakuna aliyepanda kokwa hapo, na Medjool ya kule ni Medjool.

Jina peke yake pia lisikutoshe. Aina moja huitwa majina tofauti sehemu mbalimbali, na jina moja linaweza kufunika miti tofauti. Katika oasisi ya Siwa, Misri, watafiti walipopima vinasaba walikuta majina ambayo chini yake kuna nasaba kadhaa. Kwa hiyo usinunue jina. Nunua chipukizi la mama uliyemwona akiwa na tende, na ukazionja.

Sasa vipimo. Hapa soma taratibu, maana mtu anayekwepa kokwa halafu akaharibu chipukizi hajapata faida yoyote.

Mtende hutoa machipukizi katika miaka 10 hadi 15 ya mwanzo wa maisha yake tu, na jumla yake huwa kama 10 hadi 30 kutegemea aina. Baada ya hapo basi. Ukiwa na jike zuri lenye machipukizi, una hazina yenye mwisho. Usiyakate kwa pupa yangali madogo, na usiyaachie mbuzi.

Chipukizi la kuhamisha liwe limekaa kwa mama miaka mitatu hadi mitano. Kitako chake kiwe na upana wa sentimita 20 hadi 35. Uzito uwe kilo 10 hadi 25. Liwe limetoka usawa wa ardhi na lina mizizi yake mwenyewe. Yale yanayoning'inia juu ya shina bila kugusa udongo hayana mizizi. Ukiyahamisha hivyo hivyo, mengi hufa. Naomba mnielewe kwenye uzito: pimeni kwa mizani. Nimeonyeshwa mara nyingi chipukizi la kilo nne, eti "limekomaa kwa sababu makuti ni marefu." Urefu wa makuti si ukomavu. Chipukizi lililo chini ya kilo 8 likishakatwa lipelekwe kitaluni, likae kivulini mwaka mmoja au miwili mpaka lishike mizizi. Ukilipeleka shambani moja kwa moja, jua litalimaliza, halafu utasema machipukizi hayafai na kurudi kwenye kokwa.

Kuna udanganyifu mmoja unaowarudisha watu kwenye kosa lile lile bila wao kujua. Tende zikidondoka chini ya mama, kokwa zake huota pale pale kwenye kitako. Miche hiyo hukua imebanana na machipukizi halisi, na kuna wauzaji wanaoing'oa na kuiuza pamoja nayo. Kabla hujalipa, geuza kitako ukiangalie. Chipukizi la kweli lina kovu pana la kukatwa upande mmoja, pale lilipoungana na shina la mama, na mara nyingi kitako kimepinda kidogo kuelekea upande huo. Mche wa kokwa ni mviringo pande zote na hauna kovu. Usipoona kovu, usinunue. Ukiweza, kuwepo siku ya kukata, uone kwa macho yako.

Kata wakati joto limeanza kupanda baada ya baridi, au joto kali linapopungua. Katikati ya baridi mizizi hulala, haikui vizuri, na katikati ya jua kali chipukizi hukauka kabla halijashika. Mwagilia mama siku chache kabla ili udongo ushikamane. Punguza makuti ya nje ubaki na 10 hadi 12 ya ndani, yafunge pamoja kwa kamba. Fukua mpaka uione shingo inayoliunganisha na mama, ukiacha udongo wa sentimita 5 hadi 8 kuizunguka mizizi. Hapo tumia patasi kubwa ya chuma na nyundo nzito, watu wawili, mmoja ashike na mmoja apige. Kata shingo, usilitikise chipukizi kwa mtaimbo wala kulivuta kwa makuti, kwa sababu moyo ulio ndani hukatika na wewe huoni. Unaweza kupanda kitu ambacho kilikufa mikononi mwako wiki sita kabla hujajua. Paka kidonda, cha mama na cha mtoto, dawa ya ukungu yenye shaba, na osha patasi kabla ya kwenda kwenye mama mwingine.

Kama chipukizi linatoka mbali, likague vidonda na matundu. Fukuzi mwekundu wa mitende, mdudu anayetoboa shina, husafiri ndani ya machipukizi, na ndivyo alivyoenea katika nchi nyingi. Tundu linalotoa ute wa kahawia na harufu ya kuchacha ni sababu ya kulikataa, hata kama aina yake ni adimu.

Shimo liwe mita 1 kwa 1, kina mita 1, nalo lichimbwe mwezi mmoja au zaidi kabla. Lijaze udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa, ulimwagilie mara kadhaa mpaka utulie. Samadi mbichi huunguza mizizi; na ukipanda juu ya udongo usiotulia, chipukizi litazama na maji kuliingia kichwani.

Kuhusu kina cha kupandia nitasema kwa ukali kidogo. Udongo uishie pale kitako kinapokuwa kipana kuliko pote. Basi. Moyo, yaani pale majani machanga yanapochomoza, usiguswe na udongo wala maji hata siku moja. Mnapanda kwa kina kirefu mkidhani chipukizi litasimama imara, kumbe mnalizika. Maji yakiingia kwenye moyo, unaoza, na hakuna mtende unaochipua tena baada ya moyo wake kuoza. Ukiona umepanda chini sana, ling'oe siku hiyo hiyo upande upya.

Zungushia kisahani cha maji chenye kipenyo cha mita 3 na kina cha sentimita 20 hadi 30, kikiinamia nje kidogo ili maji yasisimame kwenye shina. Mwagilia saa ile ile ya kupanda, si jioni, si kesho. Kwenye mchanga mtupu mwagilia kila siku katika msimu wote wa joto wa kwanza. Kwenye udongo wa kawaida kila siku ya pili au ya tatu. Kwenye udongo mzito mara moja kwa wiki. Funika chipukizi kwa makuti au gunia mwaka wa kwanza, ukiacha juu wazi ili majani mapya yatoke. Jani jipya la katikati likichomoza na kuendelea kurefuka, limeshika.

Lakini shamba zima la nakala moja?

Msomaji makini ataniuliza: ikiwa kila Medjool ni nakala ya mwenzake, ugonjwa unaoua mmoja si utaua yote? Ndiyo, na imeshatokea. Bayoud ni ugonjwa wa kuvu ya udongoni ya jamii ya Fusarium. Uligunduliwa Moroko, katika bonde la Draa, karibu mwaka 1870, na katika miaka mia moja hivi ukaua mitende zaidi ya milioni 10 nchini humo, kisha mamilioni mengine Algeria. Medjool na Deglet Noor, tende zinazopendwa kuliko zote sokoni, haziustahimili. Pale mashamba yalipokuwa yamejaa aina chache zinazofanana, ugonjwa ulipita mti kwa mti kama moto kwenye nyasi kavu. Zilizosimama ni aina kama Bousthammi Noire na Iklane, ambazo mabonde yale yalikuwa yamezihifadhi bila kujua zitakuja kuhitajika.

Na hapa naitendea kokwa haki yake. Moroko huita mitende iliyoota yenyewe kwa kokwa khalt, yaani mchanganyiko. Katika kuchagua miongoni mwa khalt, watafiti walipata mti uliostahimili bayoud na wenye tende nzuri pia, wakauita Najda, na machipukizi na miche yake ya tishu, yaani iliyokuzwa maabara kutokana na vipande vya mti wenyewe, ikatumika kupanda upya maeneo yaliyoangamia. Kwa hiyo kokwa ina kazi. Kazi yenyewe ni ya vituo vya utafiti vinavyoweza kulea miti mingi, kuitia ugonjwa kwa makusudi na kusubiri miaka mingi kwa ajili ya mmoja. Mkulima mwenye hekta moja hana miaka hiyo. Lakini akiwa na mtende wa kale ulioota wenyewe, wenye afya wakati jirani zake wanakufa, asiukate. Aite wataalamu wauone, na machipukizi yake ayatunze.

Tofauti unayoihitaji shambani mwako ipate kwa kupanda machipukizi ya aina mbalimbali. Ushauri wangu: aina zisipungue tatu, na aina moja isizidi nusu ya miti. Tena zichague kutoka nasaba zilizo mbali. Vipimo vya vinasaba vimeigawa mitende ya dunia katika makundi mawili makubwa, la Afrika Kaskazini na la Mashariki ya Kati. Lile la Afrika Kaskazini limechanganyika zamani na mtende mwitu wa Krete, Phoenix theophrasti, kwa hiyo lina vinasaba ambavyo kundi la mashariki halina. Medjool na Deglet Noor ni za Afrika Kaskazini. Barhi, Zahidi, Khalas na Ajwa ni za mashariki. Mtu mwenye Khalas na Ajwa anadhani ametawanya hatari, kumbe zote ziko kundi moja. Aongeze ya upande wa pili.

Faida nyingine ni wakati wa kuiva. Mvua au unyevu mwingi tende zikiwa zinalainika huzipasua na kuzichachisha. Ukiwa na Barhi, ambayo huliwa ikiwa bado ya manjano na ngumu, unaweza kuivuna kabla ya hatari hiyo, wakati zile za kukaushia zinasubiri. Mwenye aina moja huweka mavuno yote mbele ya wingu moja.

Miche ya tishu inafaa, nayo ni nakala za mama kama machipukizi. Ila maabara nazo hukosea: katika Barhi ya tishu imeonekana mitende iliyodumaa, na mingine inayotoa matunda matatu madogo yaliyoshikana, yasiyo na kokwa, kwa sababu ua halikuchavushika. Uliza mama ni yupi, uliza kama miche ya kundi hilo imeshazaa mahali, na weka alama kila mche uliponunuliwa.

Madume nayo yana aina

Dume moja linatosha majike 25 hadi 50, lakini usiweke madume ya nasaba moja yote. Panda angalau mawili au matatu yanayochanua kwa nyakati tofauti, la mapema, la kati na la kuchelewa, la sivyo jike litapasua karara na hakuna chavua. Tena chavua ya dume hubadilisha hata tunda lenyewe: Swingle, yule yule wa machipukizi 11, alieleza mwaka 1928 kwamba dume linaathiri ukubwa wa tende na muda wa kuiva kwake. Ukiwa na dume linalowahisha kuiva na eneo lako lina mvua za mapema, dume hilo ni mali. Chukua machipukizi yake pia. Uchavushaji ufanyike siku mbili hadi nne baada ya karara la jike kupasuka, vijiti viwili au vitatu vya dume vikigeuzwa juu chini katikati ya shada. Siku ya saba umechelewa kwa aina nyingi. Mvua ikinyesha saa chache baada ya kuchavusha, rudia.

Na wewe ambaye tayari una shamba la kokwa, usilifyeke kwa hasira. Kila mti unaochanua upige alama ya rangi, dume au jike. Chagua madume matatu au manne yenye chavua nyingi na nyakati tofauti za kuchanua. Majike yaache yazae misimu miwili, onja kila moja, andika. Lile moja au mawili yenye tende nzuri yape jina lako mwenyewe, si Medjool wala Ajwa, na usikate machipukizi yake mpaka yafikie kilo 10. Miti mingine yote ing'oe, uchimbe mashimo ya mita moja mahali pake, uyaweke tayari mwezi mmoja kabla machipukizi hayajafika.